Sauti za Waliotangulia

Katikati ya mwaka 1906 Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alishuka Lindi. Siko alikokusudia kwenda. Safari yake ilipangwa kuelekea Kondoa-Irangi, ila machafuko ya bara yalimfungia njia, akageuziwa kusini, kwenye nchi ambayo vita vya Majimaji vilikuwa vimeipitia muda mfupi tu kabla. Katika mizigo yake mlikuwa na kamera ya filamu, fonografu, na silinda za nta. Alikwenda Masasi na Chingulungulu, akapanda hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, na njiani aliwaita watu waimbe mbele ya pembe ya mashine yake. Waliimba Wayao, Wamakua na Wamakonde. Waliimba pia wapagazi wake wa Kinyamwezi, nyimbo za safari zinazompa mtu nguvu ya kubeba mzigo kutwa nzima.

Mashine yenyewe haikuwa na umeme. Mwimbaji alisogeza uso karibu na pembe, sauti ikaingia na kutikisa kiwambo chembamba, na kiwambo kikaisukuma sindano iliyochimba mfereji kwenye nta laini. Silinda ilijaa kwa dakika chache, na wimbo ulikatwa hapo hata kama mwimbaji alikuwa ndiyo kwanza anapasha koo. Sindano iliporudishwa mwanzo na kupita tena kwenye mfereji uleule, mtu aliisikia sauti yake ikitoka mahali ambapo yeye hayupo.

Tukumbuke hao waliokuwa wakiimba ni nani. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905. Wajerumani walivizima kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000. Mapema mwaka 1906, Songea Mbano na wakuu wengine wa Wangoni walinyongwa. Kwa hiyo wengi wa waliokusanyika mbele ya pembe ile walikuwa watu waliotoka kuzika, au waliokosa hata maiti ya kuzika. Weule hakuja kuwawekea kumbukumbu wafiwa. Alikuja kukusanya, kama walivyokusanya wenzake mikuki, vinyago na hata mafuvu ya vichwa. Lakini alichokusanya kimegeuka kuwa kumbukumbu, kwa sababu kila aliyeimba siku zile amekwisha kufa na sauti bado ipo.

Katika kitabu alichokitoa baada ya safari, Weule anamtaja mara nyingi mmoja wa wapagazi wake: Pesa Mbili. Hilo ni jina la kambini, la utani wa njiani. Mama yake alimwita nani, alizaliwa wapi huko Unyamwezi, alizikwa wapi, ni mambo ambayo silinda haiwezi kumwambia msikilizaji. Nina sababu ya kulikazia hili tangu mapema. Historia ya mashine zinazotunza sauti za watu husimuliwa kama historia ya ubunifu, tangu bati hadi nta, tangu nta hadi utepe, tangu utepe hadi simu. Mimi naiona zaidi kuwa historia ya majina: nani aliandikwa pamoja na sauti yake, nani hakuandikwa, na nani alijishughulisha kuirudisha sauti nyumbani kwa watu wanaoweza kusema, huyu ni wetu.

Silinda za namna hii zilipelekwa Berlin, kwenye hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900 na Carl Stumpf, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha huko. Nta inachakaa, kila sindano inapopita hukwangua kidogo. Wataalamu wa Berlin walitafuta dawa: waliifunika nta kwa shaba kwa njia ya umeme na maji ya kemikali, wakapata umbo la shaba lililobeba alama zote, ambalo nakala nyingi zingeweza kutolewa. Gharama yake ni kwamba nta ya asili iliharibika katika kazi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya hazina ile ilichukuliwa na Wasovieti, ikarudishwa Berlin Mashariki baadaye, na ni Ujerumani ilipoungana ndipo ilipokutanishwa tena na jumba lake. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sauti za Masasi na Newala zilisafiri mbali sana kuliko walivyosafiri wenyewe.

Thomas Edison, aliyeunda fonografu ya kwanza huko Menlo Park mwishoni mwa 1877, alikuwa amewaza kifo tangu mwanzo. Mashine yake ya awali ilitumia karatasi ya bati iliyochanika baada ya kuchezwa mara chache, lakini Juni 1878 alichapisha makala akitaja kazi ambazo chombo kile kingefanya. Alitaja barua za sauti, vitabu vya vipofu, mafunzo ya matamshi, muziki, utunzaji wa lugha. Katikati ya orodha hiyo aliweka kumbukumbu ya familia: masimulizi ya wazee kwa sauti zao wenyewe, na maneno ya mwisho ya mtu anayekata roho.

Jambo hilo halikukawia. Aprili 1889 mshairi Mwingereza Robert Browning alikuwa mgeni katika nyumba moja London, akaombwa asome shairi lake mbele ya fonografu. Alianza vizuri, kisha akasahau mistari yake mwenyewe, akaomba radhi. Desemba mwaka huohuo alifariki Venice. Mwaka mmoja baadaye marafiki walikusanyika London kumkumbuka, wakaicheza silinda ile. Kilichotoka hakikuwa shairi lililokamilika. Kilikuwa mzee akisahau na kuomba radhi, na nadhani ndiyo maana kiliwagusa: shairi lilikuwa tayari kitabuni, kusahau kule hakukuwamo popote.

Miaka hiyohiyo mbwa mmoja mdogo aliyeitwa Nipper alibaki bila bwana. Mark Barraud wa Bristol alifariki mwaka 1887, na ndugu yake, mchoraji Francis Barraud, akamchukua mbwa. Francis alimchora akiwa ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya fonografu, kana kwamba anaitambua sauti. Watu walisimulia kwamba sauti iliyokuwa ikitoka ni ya marehemu. Picha ilikamilika baada ya Nipper mwenyewe kufa, na mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ya London iliinunua kwa masharti kwamba fonografu ya nta ifutwe na mahali pake pachorwe gramafoni ya sahani. Kwa jumla ililipa pauni 100 kwa picha na haki zake. Hivyo alama ya biashara iliyojulikana kuliko zote katika muziki wa zama zile, His Master's Voice, ilizaliwa ndani ya nyumba yenye msiba.

Alama hiyohiyo ya mbwa ndiyo iliyokuja kubandikwa kwenye santuri za Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880, mtoto wa wazazi walioonja utumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu, akivitembeza kwa miguu na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa na Muhsin Ali, na humo mjini akapata jina la heshima ambalo tunamjua nalo. Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake, Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruku, waliiimba kwa Kiswahili, wakaiingiza Ng'ambo, kwenye mitaa ya wavuvi, wachukuzi, wapishi na watumwa wa jana.

Mwaka 1928 Kampuni ya Gramophone iliwasafirisha hadi Bombay kurekodi. Sahani ya inchi kumi ilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande, kwa hiyo nyimbo zilizozoea kukata usiku zilibanwa na kupunguzwa. Hata hivyo santuri zilipofika pwani ziliuzwa kwa wingi, kiasi cha kuvuta kampuni nyingine zije kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Asiye na gramafoni alikwenda mkahawani kusikiliza. Na kwenye lebo paliandikwa jina: Siti binti Saad. Mtoto wa watumwa, aliyeanza maisha kwa kuitwa Mtumwa, alichapishwa jina lake kwa wino kwenye kila nakala iliyovuka bahari. Pesa Mbili hakupata bahati hiyo, na kati yao ilikuwa imepita miaka 22 tu.

Miongoni mwa nyimbo za Siti mmoja unaitwa Kijiti. Sijui wimbo mwingine wa Kiswahili unaofanya kazi ya kaburi kuliko huu. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Wenyeji wake walimchukua kwenda ngomani usiku. Mwanamume aitwaye Kijiti alimshika kwa nguvu, akamuua. Mwanamke yule alikuwa mjamzito. Kijiti akatorokea bara. Waliofikishwa mbele ya hakimu na kufungwa ni wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, waliosimama kutoa ushahidi. Mahakama ilifunga jalada lake, wimbo haukufunga. Uliendelea kuimbwa vizazi viwili baadaye, na Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyejifunza uimbaji kwa kumfuata Siti, aliubeba hadi uzeeni. Alipofariki Aprili 2013 alikuwa amekwisha kuurekodi kwa vyombo ambavyo Siti hakuwahi kuviona. Aliyekosewa yule hana mnara wala jiwe lenye maandishi linalojulikana. Ana wimbo, na wimbo umeshahama kutoka sahani ya lakri hadi kwenye simu za vijana.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla hajafa, Shaaban Robert alikwenda kumwona, akamsikiliza akisimulia maisha yake, akaandika wasifu wake. Mimi naiheshimu sana safari ile. Santuri tayari zilikuwapo, sauti ilikuwa salama, na bado mtu mwenye busara aliona haitoshi: alitaka kujua sauti ile ilitoka katika maisha ya namna gani. Bila kitabu chake, huenda leo tungesikia mlio mzuri wa mwanamke wa zamani na tusijue habari ya vyungu. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti, na kila msomaji alielewa ni Siti yupi.

Sauti ya maiti inaweza pia kufika mahali ambapo hakuna amjuaye, ikapewa maisha mengine kabisa. Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, Marekani, aliyeugua kifua kikuu akaacha reli na kushika gitaa. Mei 1933 alikwenda New York akiwa hoi. Alirekodi akilazwa kitandani baina ya wimbo na wimbo ili apumue. Siku mbili baada ya kikao cha mwisho, tarehe 26 Mei, alifariki akiwa na miaka 35. Santuri zake zilikuwa zimesambaa katika makoloni ya Waingereza, na baadhi zilifika kwa Wakipsigis, magharibi ya Kenya. Watu walisikia ile sauti inayopanda ghafla juu na kushuka, wakauliza ni mtu wa namna gani, wakamtungia mwili: nusu binadamu, nusu swala. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wao, Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia Chemirocha kwa kinubi. Rodgers alikuwa kaburini kwa miaka 17, na wasichana hawakuwa na habari ya Mississippi wala ya kifua kikuu. Wao walikuwa wakimwita acheze. Tracey alipeleka rekodi Afrika Kusini, ambako mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika inayojulikana kwa kifupi ILAM. Huko Chemirocha ukakaa. Wasomi waliusikia, wapenzi wa muziki wa ng'ambo waliusikia, Kapkatet haikuusikia.

Ilipita miaka 64. Mwaka 2014 watu wa ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi waliingia barabarani na nakala za rekodi za Tracey, wakienda kijiji kwa kijiji kuuliza nani anaifahamu sauti hii. Walikuta waimbaji waliokuwa bado hai, wazee sasa, ambao hawakuwahi kusikia walichoimba siku ile. Walikuta watoto na wajukuu wa waliokufa. Mtu aliyefiwa na mama yake miaka mingi angeweza sasa kumsikia mama akiwa msichana, kabla hajawa mama wa yeyote. Hakuna ubunifu wowote katika kitendo hicho. Gari, mafuta, mkalimani na kicheza CD. Lakini hapo ndipo rekodi ya 1950 ilipokamilika, kwa maana mtu wa damu alipoisikia alisema jina. Uganda nako rekodi za Tracey ziligeuka kuwa amana kwa namna nyingine: ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo ilishambuliwa na jeshi Mei 1966, wapigaji wa ngoma za kifalme wakatawanyika na ala nyingi zikapotea, na milio iliyokwisha kunaswa ikabaki kuwa moja ya njia za kuufahamu muziki ule.

Kwetu Tanzania kazi ya kutunza sauti ilibebwa na redio. Hatukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilivuka kwenda Nairobi, au ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kurekodiwa kwenye utepe wa sumaku. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, redio ikazidi kuwa ndiyo ghala. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyezaliwa 1944, alipata ajali ya gari pwani ya Kenya na kufariki Mombasa Januari 1979. Nenda leo kwenye baa ya mkoani siku ya Jumapili, wakati wa zilipendwa, na utamsikia akipiga gitaa lake na kulalamikia shida. Wazee huacha bilauri mezani wakamwitikia. Tepe zile zinahitaji hewa kavu na mashine za kuzisomea, na mashine hizo hazitengenezwi tena kwa wingi, wala mafundi wake hawazaliwi upya. Kila mwaka unaopita bila tepe kuhamishwa, sehemu ya sauti hizo inaukaribia mwisho wake. Sioni kwa nini taifa lihesabu hilo kuwa jambo la wapenzi wa dansi peke yao. Humo mna pia hotuba, hadithi, mahojiano ya wakulima, na sauti ya Mwalimu Nyerere katika miaka ambayo wengi wetu hatukuwapo.

Redio ilifanya kazi nyingine ya msiba ambayo sijaona ikiandikwa inavyostahili: matangazo ya vifo. Kabla ya simu kuingia kila nyumba, ndugu wa Kigoma alijua kwa redio kwamba mjomba amefariki Tanga. Msomaji alitaja marehemu, akataja mahali na siku ya mazishi, kisha akaanza kuita: habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Songea, na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Nyumba nzima ilinyamaza wakati wa matangazo hayo, hata ya watu wasiowajua. Kwa dakika moja mkulima asiye na cheo alitajwa nchi nzima pamoja na ukoo wake. Kisha tangazo likapita, likaenda na upepo. Laiti yote yangehifadhiwa, tungekuwa na ramani ya koo za nchi hii, ya nani alihamia wapi na nani alikuwa shemeji wa nani.

Simu imebadilisha hayo haraka. Kundi la WhatsApp la mchango wa mazishi hufunguliwa kabla maiti haijaoshwa, na tangu 2013, WhatsApp ilipoanza kupeleka ujumbe wa sauti, karibu kila familia ina marehemu anayesema ndani ya simu ya mtu. Facebook ilianza mwaka 2009 kuzigeuza kurasa za waliofariki kuwa za ukumbusho, na 2015 ikamruhusu mtu kumtaja mapema atakayeuangalia ukurasa wake. Utaratibu huo wa kurasa za ukumbusho uliwagonga wafiwa huko Berlin: msichana wa miaka 15 alifariki kwenye kituo cha treni mwaka 2012, wazazi wake wakataka kusoma ujumbe wake ili wajue kama alijiua. Nywila walikuwa nayo, lakini ukurasa ulikuwa umeshageuzwa wa ukumbusho na kufungwa. Walishtaki. Tarehe 12 Julai 2018 mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na shajara. Uamuzi ule ulihusu Ujerumani, ila wajane na mayatima wa Dar na Mombasa wanakutana na mlango uleule. Desemba 2023 Google nayo ilianza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa, na maiti, tunajua, hagusi akaunti yake.

Zimekuja pia mashine zinazomjibia marehemu. Roman Mazurenko aligongwa na gari Moscow Novemba 2015. Rafiki yake Eugenia Kuyda alikusanya maelfu ya ujumbe wake wa simu, akaifunza kompyuta kujibu kwa mtindo wake. Mama wa marehemu alipata faraja ndani yake. Baadhi ya marafiki walikataa kuigusa. Februari 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimvisha mama mmoja miwani ya kidijitali akacheza na umbo la binti yake aliyefariki akiwa mdogo. Mfiwa hahukumiwi kwa anachoshika usiku, na sitawahukumu. Lakini nasema waziwazi kwamba jambo hili si la jamii moja na lile la Kapkatet. Wasichana wa Chemirocha walisema walichosema, na kusahau kwa Browning kulikuwa kwake kweli. Mashine inayotunga sentensi mpya inamtwika marehemu maneno asiyoweza kuyakana. Kwetu wosia una mashahidi kwa sababu hiyohiyo. Anayetaka kumtunzia mama yake sauti amrekodi yungali hai, amwulize majina ya bibi zake na alikozikwa babu, na aandike jina lake kamili na tarehe kwenye faili.

Rwanda inajua kuliko nchi yoyote jirani sauti na orodha za majina zinaweza kufanya nini. Redio RTLM ilianza Julai 1993. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipolipuka Aprili 1994, watangazaji wake walisoma hewani majina ya watu, mahali walipojificha, hata namba za magari yao, ili wauaji wawafuate. Kwa siku mia moja hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni. Baada ya hapo kutaja jina la mtu kwa sauti kulibidi kurudishiwe heshima yake, na kazi hiyo imefanywa kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1999 shirika la manusura, IBUKA, lilichapisha kamusi ya waliouawa katika mkoa wa Kibuye, yenye majina 59,050, pamoja na umri, kazi na mahali pa kila mmoja. Ukumbusho wa Gisozi, Kigali, ulifunguliwa 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwishoni mwa 2010 ikafunguliwa hazina ya kidijitali ya ushuhuda, picha na nyaraka. Kila Aprili, katika mikesha ya Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa, majina husomwa.

Palibaki kundi moja ambalo halikuwa na wa kulisemea. Kuna familia ambazo baba, mama na watoto wote waliuawa, asibaki hata mmoja wa kupeleka jina. Picha ziliungua na nyumba. GAERG, chama cha manusura waliokwisha kuhitimu vyuo, kilianza kuzitafuta. Vijana wake walikwenda vilimani wakauliza waliokuwa majirani: nani alikaa kwenye kiwanja hiki, mkewe aliitwa nani, walikuwa na watoto wangapi, yule mdogo mlimwitaje. Wengine walijibu kwa kilio, wengine kwa shida, kwa kuwa miongoni mwa majirani walikuwamo waliojua zaidi ya walivyotaka kusema. Majibu yaliandikwa, yakalinganishwa, yakaingizwa kwenye kompyuta. Hesabu ilifikia familia 15,593, zenye watu 68,871. Wilaya iliyokuwa na nyingi zaidi ilikuwa Karongi, sehemu ya Kibuye ya zamani, na huenda wapo watoto katika orodha hiyo waliokumbukwa kwa jina moja tu, lile ambalo jirani alikuwa akilisikia wakiitwa waje kula.